Mbwa akitumbukia kwenye barafu: maelekezo ya mtafuta makasha

Nianze na jambo ambalo ningependa ulishike hata kama hutasoma mstari mwingine: mbwa akitumbukia kwenye ziwa lililoganda, wewe usiikanyage ile barafu. Barafu iliyoshindwa kumbeba mbwa wa kilo 25 haitakubeba wewe mwenye kilo 70, buti na mkoba mgongoni. Nalisema mapema kwa sababu nilimwona mtu mzima, mwenye akili zake timamu, akilisahau mbele ya macho yangu, na mguu wangu mmoja ulishaanza kumfuata.

Mimi ni mpenzi wa jiokashi. Kwa asiyeujua mchezo huu: mtu anaficha kasha dogo mahali, anatangaza kodineti zake kwenye intaneti, yaani namba za latitudo na longitudo, na wengine wanalitafuta kwa kutumia GPS, kifaa kinachokuonyesha ulipo kwa msaada wa satelaiti. Ukilipata unaandika jina lako kwenye kijitabu kilichomo ndani, kisha unalirudisha palepale ulipolikuta. Mchezo ulianza Mei 2000, mara tu Marekani ilipoacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS wanayotumia raia. Dave Ulmer alificha ndoo msituni katika jimbo la Oregon, akatangaza kodineti zake, na watu wakaenda kuitafuta. Tangu hapo tumekuwa tukiinama chini ya madaraja na kuingiza mikono kwenye mashimo ya miti.

Na ndivyo nilivyokuwa siku ile. Nilikuwa nimepiga magoti ukingoni mwa ziwa, mkono umezama hadi kiwiko kwenye pango la shina la mti, niliposikia sauti. Haikuwa kubweka. Ilikuwa kilio chembamba, kifupi kifupi, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Niligeuka nikaona kichwa cheusi na miguu miwili ya mbele juu ya barafu, mita kama kumi kutoka nchi kavu. Kila alipojivuta juu, ukingo wa barafu ulikatika, kipande cha ukubwa wa sahani, naye akarudi majini hadi masikioni. Anajivuta, inakatika. Anajivuta tena, inakatika tena. Kucha zake zilikuwa zimechora mistari meupe kwenye barafu, mistari mingi sambamba, na yote ilikuwa inaishia majini.

Mzee mwenye mbwa alikuwa ameshaweka buti la kwanza kwenye barafu.

Mshike mwenye mbwa kwanza

Kwa hiyo hatua ya kwanza haimhusu mbwa. Mshike binadamu. Mimi nilimshika yule mzee mkono wa koti kwa mikono miwili, nikamwambia, "Mzee wangu, ukiingia wewe nitakuwa na wawili wa kuokoa, na nitaacha mmoja." Sikuwa na maneno mengine. Alinitazama kama hanielewi, kisha akarudisha mguu.

Watu hudhani baridi inaua polepole na kwamba muda wa kwenda na kurudi upo. Daktari Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ambaye amejitumbukiza mwenyewe mara nyingi kwenye maji ya barafu kwa ajili ya utafiti, anafundisha namba tatu: 1, 10, 1. Dakika 1 ya kwanza pumzi hukutoka kwa nguvu, unatweta bila kutaka, na kichwa kikiwa chini ya maji wakati huo unameza ziwa. Dakika 10 zinazofuata mikono na miguu bado inakusikiliza, lakini inaishiwa nguvu. Baada ya hapo huwezi hata kushika kamba uliyotupiwa, ingawa inaweza kuchukua kama saa 1 kabla baridi yenyewe haijakupotezea fahamu. Ndiyo maana wengi huzama wakiwa bado hawajapoa sana. Kilichowaponza ni ile pumzi ya mwanzo, au vidole vilivyokufa ganzi.

Ukishamzuia mwenye mbwa, mpe kazi. Mtu asiye na kazi atarudi kwenye barafu ukigeuka tu. Kazi inayomfaa ni kuita. Asimame mahali pamoja, upande ule mbwa alioingilia, kwa sababu barafu ya upande huo ndiyo iliyombeba hadi pale ilipovunjika. Amwite kwa sauti ya kawaida, ile anayotumia nyumbani. Asikimbie huku na huku ukingoni. Mbwa humfuata kwa macho na kwa mwili, na kila anapogeuka majini anapoteza nguvu anazozihitaji kubaki juu. Yule mzee sauti yake ilikuwa inatetemeka mwanzoni, kisha ikatulia, na nilimwona mbwa akiacha kupigapiga ovyo. Aliweka kidevu chake juu ya barafu akamtazama tu.

Simu, na namba zinazoweza kukupoteza

Piga simu ya dharura kabla ya kujaribu lolote jingine. Namba 112 inafanya kazi kwenye simu za mkononi katika nchi nyingi sana, na Marekani na Kanada ni 911. Usione aibu kwamba ni mbwa tu. Sema waziwazi: mbwa ametumbukia kwenye barafu, na kuna mtu anayetaka kumfuata. Vikosi vya zimamoto na uokoaji kwenye maeneo ya baridi wanajua kwamba wao wasipomfuata mbwa, mwenye mbwa atamfuata, na kesho yake watakuwa wanatafuta mwili. Wanakuja.

Hapa ndipo mtafuta makasha anapofaa kuliko mpita njia mwingine yeyote, na hapa ndipo nilipokaribia kuharibu kila kitu. Nataka nikae kidogo kwenye jambo hili.

Sisi tumezoea kusoma kodineti kwa nyuzi na dakika zenye desimali. Tuchukue mfano wa namba tu: nyuzi 60, dakika 30.500. Ramani nyingi za kwenye simu huonyesha nyuzi zenye desimali, bila dakika: 60.50833. Mahali ni palepale, kwa kuwa nyuzi moja ina dakika 60, na 30.500 ukigawa kwa 60 unapata 0.50833. Lakini mtu akisikia "sitini, thelathini nukta mia tano" akaandika 60.30500, ameshakwenda zaidi ya kilomita 22 kutoka ulipo. Gari litafika kwa wakati, mahali ambapo hakuna mbwa wala ziwa.

Hilo ndilo lililotokea. Nilisoma namba kama zilivyokuwa kwenye GPS yangu, haraka, kwa sababu niliona kichwa cha mbwa kikishuka. Aliyepokea simu akaniuliza, "Uko karibu na barabara kuu?" Hapakuwa na barabara kuu. Nilikuwa msituni, na njia pekee ilikuwa ya kutembea kwa miguu. Nikahisi tumbo linanikata. Nikamwambia asimame, nikamsomea upya: kwanza nyuzi, kisha nikataja neno dakika, kisha tarakimu moja moja. Akanirudishia. Safari hii akalitaja ziwa lenyewe kwa jina kabla sijalisema.

Kwa hiyo fanya hivi. Taja kwanza ni mtindo gani unaosoma: "nakupa nyuzi na dakika" au "nakupa nyuzi za desimali". Taja kaskazini au kusini, mashariki au magharibi. Soma tarakimu moja moja, "sita, sifuri", wala si "sitini". Mwombe akurudishie zote. Kisha ongeza kitu cha kuonekana kwa macho: maegesho, daraja, mnara, rangi ya geti. Kama mko watatu, mmoja akimbie hadi gari linapoishia akawapokee waokoaji, maana kutoka barabarani hadi majini ndiko wanakopotea. Usikate simu. Iweke kwenye spika ili mikono ibaki huru.

Kama una muda leo, ukiwa umekaa mahali pakavu, fungua mipangilio ya GPS yako ujifunze kubadilisha mtindo huo ukiwa umevaa glavu. Mimi nilijua kubadilisha, lakini vidole vilikataa.

Na simu ibebe ndani ya nguo, karibu na mwili. Betri ikipigwa na baridi kali inaweza kuzima huku ikionyesha bado ina nusu. Kwenye kifaa cha GPS mimi hutumia betri za lithiamu za kutupa. Zinastahimili baridi kuliko zile za alkali.

Fika kwa kitu kirefu, usifike kwa mwili

Waokoaji wa majini wana utaratibu wao: kwanza mfikie kwa kitu kirefu, ikishindikana mrushie kitu, ikishindikana tena tumia chombo kinachoelea, na kuingia majini ni kazi ya aliyefunzwa na kuvaa vazi lake. Wewe na mimi tunaishia kwenye mawili ya kwanza, na tunayafanya tukiwa nchi kavu.

Kwenye mkoba wangu huwa na fimbo ya kurefuka, ambayo vipande vyake huingiliana kama vya fimbo ya kuvulia, na mwisho wake ina ndoano ndogo. Huwa naitumia kuteremsha makasha yaliyoning'inizwa juu ya miti. Ikivutwa yote inafika mita sita. Mbwa alikuwa mita kumi. Haikufika, na kwa muda nilisimama nayo mkononi bila kujua la kufanya.

Kisha nikaona kamba yake. Mzee alikuwa amemwachia mbwa na kamba ndefu nyekundu, nayo ilikuwa imelala juu ya barafu kuelekea kwetu, ncha yake mita kama tano kutoka ukingoni. Na jambo jema kuliko yote, kamba hiyo ilikuwa imefungwa kwenye mkanda wa kifuani, si wa shingoni. Mkanda wa shingoni ukiuvuta kwa nguvu unaweza kumnyonga mbwa, au ukavuka kichwa na kubaki nao mkononi huku yeye akizama. Mkanda wa kifuani unamshika mwili mzima. Kama una mbwa na unatembea naye karibu na barafu, nakusihi, mvishe huo.

Nililala kifudifudi nchi kavu, kifua kikiwa kwenye theluji, mzee akanishika miguu. Nikaisukuma fimbo taratibu. Ndoano iliteleza juu ya kamba mara tatu, kwa sababu kamba ilikuwa imeganda na kuwa ngumu kama waya. Mara ya nne nikaizungusha fimbo badala ya kuivuta, ndoano ikanasa kwenye kitanzi cha kushikia. Nilivuta polepole mno. Kitanzi kilipofika mkononi nilikizungusha kwenye shina la ule mti wa kasha, nikamwambia mzee akae chini ashike ncha.

Sasa sikiliza, maana hapa watu hukosea. Usivute kwa kishindo. Barafu ya ukingo wa shimo ni dhaifu, na ukimvuta kwa nguvu utamgonga nayo kifuani tu na kuikata zaidi. Ikaze kamba kiasi cha kumzuia asizame, basi. Yeye mwenyewe akijivuta juu, vuta pamoja naye, chini chini, sambamba na barafu. Akipumzika, shikilia tu. Sisi hatukumtoa. Barafu ilikatika mara mbili mbele yake na akasogea labda mita moja na nusu. Lakini kichwa hakikuzama tena.

Kama hakuna kamba ya mbwa ya kunasa, rusha kamba yako ivuke nyuma yake, kisha irudishe taratibu ijipitishe chini ya kwapa au kwenye mkanda wake. Kamba ya kurusha iwe ile inayoelea, ya plastiki ya polipropilini, mita 15 hadi 20, iliyokaa ovyo ndani ya kifuko ili ichomoke bila kujifunga. Wengine huikunja vizuri kama ya kuanikia nguo. Ukiirusha hivyo inatua kwa bonge moja miguuni mwako.

Zimamoto walipofika, mmoja wao alivaa suti nyekundu isiyoingiza maji, akafungwa kamba kiunoni, akalala juu ya barafu na kutambaa kama mamba. Barafu ilipopasuka chini yake hakustuka, aliingia tu majini, akazunguka nyuma ya mbwa, akampiga kumbo la matako kwenda juu. Wenzake wakavuta. Kwa saa yangu, tangu nilipopiga simu zilikuwa zimepita dakika 19.

Ukitumbukia wewe

Usijaribu kutoka mara moja. Dakika ya kwanza ni ya kuirudisha pumzi tu, kichwa juu. Kisha geukia ulikotoka, si ulikokuwa unakwenda. Tandaza mikono juu ya barafu, piga miguu kama muogeleaji hadi mwili ulale sawa na uso wa maji, ujisukume mbele kwa tumbo. Ukishatoka usisimame. Bingirika hadi mbali. Wanaotembea kwenye barafu huvaa shingoni vishikizo viwili vyenye misumari, vilivyounganishwa kwa kamba, vya kuchomea kwenye barafu na kujivuta. Ni vyepesi, na bila hivyo mikono mitupu iliyolowa huteleza kama mbwa yule alivyokuwa anateleza.

Baada ya kutoka majini

Watu hushangilia, na mbwa huanza kutaka kukimbia. Usimwache. Damu iliyoko miguuni imepoa sana, na akikimbia inarudi moyoni kwa ghafla. Mbebe, au mlaze. Mkaushe kwa kubana maji kwa taulo au koti bila kumsugua miguu. Mpashe joto kiwiliwili: kifua na tumbo. Chupa za maji ya moto zizungushiwe kitambaa ziwekwe ubavuni, kamwe zisiguse ngozi moja kwa moja. Usimwogeshe maji ya moto. Sisi tulimlaza kwenye kiti cha nyuma cha gari la mzee, kipasha joto kikiwaka, akiwa amefungwa kwenye koti langu, na mimi nikakaa naye kifua kwa mgongo. Manyoya ya tumbo yalikuwa yameshikana vipande vipande vya barafu, na vilipoyeyuka nilihisi baridi yake ikipita kwenye sweta langu. Ndipo akaanza kutetemeka kwa nguvu, meno yanagongana.

Kutetemeka kule ndiko nilikokuwa nakuombea. Mbwa mzima ana joto la nyuzi 38 hadi 39 za Selsiasi. Anayetetemeka bado mwili wake unapigana. Anayeacha kutetemeka akiwa bado baridi, akalegea, ufizi ukawa mweupe, huyo yuko hatarini zaidi, ingawa anaonekana ametulia.

Asipopumua na moyo haudundi, mlaze ubavu, kandamiza kifua pale kilipo kipana, theluthi moja hadi nusu ya upana wake, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila baada ya mikandamizo 30 mfunge mdomo, umpulizie puani mara mbili. Endelea huku mwenzako akiendesha gari kwenda kwa daktari.

Na kwa daktari wa mifugo nenda hata kama anatikisa mkia. Maji yaliyoingia kwenye mapafu yanaweza kuleta shida ya kupumua saa kadhaa baadaye, usiku, wote mmelala. Mzee hakutaka kwenda mwanzoni, alisema amepona. Nilimwomba aende, akaenda, na mbwa alilazwa usiku ule kwa uangalizi.

Kwa wenzangu wanaoficha makasha

Barafu safi, ya rangi ya bluu au nyeusi, inatakiwa iwe na unene wa angalau sentimita 10 kumbeba mtu mmoja kwa miguu. Ile nyeupe yenye theluji ndani yake ina kama nusu ya nguvu hiyo. Na ziwa moja lina barafu za namna nyingi: panapoingia mto, panapotoka chemchemi, chini ya daraja, kwenye matete, barafu ni nyembamba hata katikati ya majira ya baridi. Ile alikotumbukia mbwa ilikuwa karibu na mfereji mdogo uliofunikwa na theluji. Mimi nilikuwa nimeuruka dakika tano kabla bila kuuona.

Kwa hiyo ukificha kasha karibu na maji, simama pale ulipoliweka ujiulize mtu atafikaje Januari, njia ikiwa imefunikwa, na njia ya mkato ikiwa ni kuvuka juu ya ziwa. Kama jibu halikupendezi, lisogeze. Nilimwandikia mwenye kasha lile nikamweleza yaliyotokea. Wiki mbili baadaye alilihamishia juu ya kilima, akabadilisha kodineti. Nilikwenda na penseli, maana wino huganda, nikaandika jina langu na tarehe, na chini yake mzee naye akaandika lake. Mbwa alikaa pembeni yetu kwenye kamba fupi, amevaa mkanda wake wa kifuani.